Udongo Husafisha Sumu, Lakini Si Ile Iliyo Kwenye Jani

Mkulima anaponyunyizia sukuma wiki dawa ya kuua wadudu, sehemu ya dawa hubaki kwenye majani na nyingine huanguka chini. Je, hiyo inayoanguka huishia wapi?

Udongoni mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hasa bakteria na kuvu. Hao huishi kwa kuozesha mabaki ya mimea na wanyama, na baadhi yao huweza kuifanya dawa kuwa chakula. Hutoa vimeng'enya vinavyoivunjavunja, kama vile tumbo lako linavyosaga ugali. Mwaka wa 1973, watafiti nchini Ufilipino walieleza kuhusu bakteria kutoka mashamba ya mpunga walioweza kuvunja dawa iitwayo diazinoni.

Kazi hii huhitaji joto, unyevu na mboji. Udongo ukikauka, bakteria hupunguza kasi.

Dawa nazo hutofautiana. Malathioni huvunjika kwa siku au wiki chache. DDT hudumu miaka mingi, na bakteria huigeuza kuwa DDE, ambayo ni sugu vilevile. Kemikali hizi hujikusanya katika mafuta ya mwili na hupatikana hata katika maziwa ya mama. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka wa 1986.

Lakini fahamu kwamba bakteria wa udongoni hawapandi kwenye jani kukusafishia mboga. Dawa iliyo juu ya jani hupunguzwa na jua, mvua na muda. Ndiyo sababu kibandiko cha dawa hutaja siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Ikiwa una bustani nyumbani, hesabu siku hizo. Usimwage dawa iliyobaki mahali pamoja, kwani ikizidi huua bakteria wenyewe na yaweza kufika kisimani. Jikoni, osha mboga jani kwa jani kwa maji yanayotiririka, kabla ya kuzikata. Hata hivyo, kuosha hakutoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya mmea.

Mtu aliyeshika dawa akitokwa na mate na jasho jingi, akitapika au kushindwa kupumua vizuri, mvue nguo zenye dawa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitalini. Beba kibandiko cha dawa, kwani kitamsaidia daktari kuamua tiba.