Umpe omba omba pesa au umpite? Swali linalomsubiri msafiri wa Kibugu mjini

MSAFIRI anayeabiri matatu katika soko la Kibugu, Kaunti ya Embu, huacha nyuma mashamba ya majani chai na kahawa yaliyotanda kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Baada ya muda mfupi huwa amefika mjini Embu, na kabla ya adhuhuri aweza kuwa ameshukia kituo cha Tea Room jijini Nairobi. Hata kabla hajavuka barabara, mkono humnyookea. Huenda ukawa mkono wa ajuza asiyeona, wa mwanamume asiye na miguu aliyeketi juu ya kipande cha boksi, au wa mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni.

Mfukoni mna sarafu ya Sh20. Je, aitoe au apite kana kwamba hakuona?

Swali hilo huonekana dogo, lakini limewashinda madiwani, mawaziri, mahakimu na viongozi wa dini kwa zaidi ya karne moja. Kila jibu lina gharama yake, na mara nyingi anayeilipa ni yule aliyenyoosha mkono.

Kwa mtu aliyelelewa kijijini, ugumu huanzia kwenye tofauti ya mazingira. Katika vijiji kama vya Kibugu, mhitaji ana jina na ukoo. Jirani hujua ni nani ambaye mumewe amelazwa hospitalini na ni mtoto yupi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Msaada hupitia kwa jamaa, kanisa, chama cha akina mama au mchango wa harambee, na anayetoa huona kwa macho yake kilichofanywa na pesa zake. Mjini, mtoaji na mwombaji ni wageni kabisa. Mmoja hajui shida ya mwenzake, na mwingine hana njia ya kuithibitisha ila kwa kuonyesha kidonda, mtoto au macho yasiyoona. Shaka huzaliwa hapo.

Idadi ya watu wanaoishi katika hali hiyo si ndogo. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2020, ilipata watu 46,639 kote nchini. Nairobi pekee ilikuwa na zaidi ya 15,000, ikifuatwa na Mombasa iliyokuwa na zaidi ya 7,000. Hata hivyo, si wote wanaolala nje ambao huombaomba, na si kila ombaomba hulala nje. Wengine wana chumba cha kukodi na hurejea huko jioni kama mfanyakazi yeyote.

Wanaotetea kutoa wana hoja nzito. Kwanza, njaa haingoji sera ya serikali. Anayeomba saa nne asubuhi anahitaji kula siku hiyo hiyo, na Sh20 zaweza kumpatia chai ya kibandani. Pili, dini zote kuu zinazofuatwa nchini humsisitizia muumini kutoa. Waislamu wana zaka na sadaka, nao Wakristo hufunzwa kumsaidia maskini bila kujitangaza.

Tatu, dhana kwamba maskini akipewa pesa lazima atazinywea pombe haina uthabiti unaodhaniwa. Katika eneo la Rarieda, Kaunti ya Siaya, familia maskini zilizoteuliwa kwa bahati nasibu zilipewa pesa taslimu bila masharti kuanzia mwaka 2011. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliochapisha matokeo yao mwaka 2016, waligundua kwamba familia hizo zilikula vizuri zaidi na kuongeza mali kama vile mifugo na mabati ya nyumba. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Lakini tahadhari yafaa hapa. Zile zilikuwa familia zenye makao na zenye uhuru wa kuamua matumizi ya pesa zao. Mtoto aliye barabarani hana uhuru huo, na ni kwake ambapo hoja ya wanaopinga kutoa hupata nguvu.

Mwezi Juni 2022, kipindi cha uchunguzi cha BBC Africa Eye kilifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyosafirishwa kutoka Tanzania hadi Nairobi na kulazimishwa kuombaomba. Wazazi waliahidiwa kwamba watoto wao wangepata maisha bora. Badala yake, watoto walisukumwa barabarani tangu asubuhi wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na jioni pesa zote zikaingia mikononi mwa waliowaleta. Kwa biashara ya aina hiyo, huruma ya mpita njia ndiyo mtaji. Kadiri mtoto anavyoonekana mnyonge, ndivyo sarafu zinavyoongezeka, na ndivyo aliyemweka pale anavyokosa sababu ya kumpeleka shule au hospitali.

Hata pale ambapo hakuna mlanguzi, pesa zaweza kuwa mtego. Mtoto anayeondoka barabarani jioni akiwa na mapato yanayokaribia kibarua cha mtu mzima hana haja kubwa ya kurejea darasani. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwezi Januari 2003, watoto wengi waliokuwa nje ya shule waliandikishwa. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea kujitafutia na kuvuta gundi huhitaji zaidi ya dawati. Huhitaji matibabu, mlezi na subira.

Sheria nayo imeyumba kati ya adhabu na ulinzi. Serikali ya kikoloni iliweka kanuni dhidi ya wazururaji mwaka 1898, na kupitia kwazo Mwafrika aliyepatikana mjini bila kazi aliweza kukamatwa. Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997 wakati wa marekebisho yaliyotangulia uchaguzi mkuu. Hata hivyo, kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu kilibaki, nacho huorodhesha watu wanaohesabiwa kuwa wavivu na wavurugaji wa utulivu. Mnamo Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika kwa kuwa humwadhibu mtu kwa sababu ya hali yake, wala si kwa kosa alilotenda.

Kwa upande wa watoto, mkondo ni tofauti. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, humchukulia mtoto anayepatikana akiombaomba kuwa anahitaji malezi na ulinzi. Naye anayemtumia mtoto kwa kazi hiyo aweza kushtakiwa kwa sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu. Jijini Kampala, Uganda, wakuu wa jiji walimgeukia mtoaji mwenyewe. Kanuni yao ya mwaka 2019 iliweka faini ya Sh40,000 za Uganda au kifungo cha hadi miezi 6 kwa anayempa pesa au chakula mtoto wa mitaani.

Nguvu pekee haijawahi kumaliza tatizo. Mwaka 2003, serikali ya NARC ilipoingia madarakani, waziri wa Serikali za Mitaa wakati huo, marehemu Karisa Maitha, aliongoza shughuli ya kuziondoa familia za mitaani katikati ya Nairobi. Mwaka huo huo hazina ya kurekebisha maisha ya familia hizo ilianzishwa, na baadhi ya vijana wakapelekwa kupata mafunzo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Miaka 15 baadaye, hesabu ya 2018 ilionyesha kwamba barabara zilikuwa zimejaa tena. Waliotangulia walipoondolewa, waliosukumwa na shida zile zile walikuja kuchukua nafasi zao.

Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi. Lakini kiasi hicho ni kidogo, na malipo yamewahi kuchelewa mara kadhaa. Isitoshe, usajili huhitaji kitambulisho na makao yanayojulikana. Mkongwe aliyepotelea mjini bila stakabadhi hana chifu wa kumtambua.

Basi msafiri wa Kibugu afanye nini? Jibu la busara huanza kwa kutenganisha mtu mzima na mtoto. Mtu mzima, hasa mkongwe au mlemavu, ana haki ya kuamua matumizi ya alichopewa, na hakuna ubaya kumpa ukiwa na nafasi. Hata asiye na kitu aweza kumjibu salamu, kwani kupuuzwa huuma kuliko kukosa.

Kwa mtoto, pesa taslimu ndizo msaada mbaya zaidi, kwani ndizo rahisi kunyang'anywa au kugeuzwa gundi. Chakula kinacholiwa pale pale ni salama zaidi. Penye dalili kwamba mtoto anasimamiwa na mtu aliye kando, simu ya bure ya watoto, nambari 116, hupokea habari mchana na usiku. Anayetaka kutoa kila mara aweza kuzikusanya zile sarafu za mwezi mzima na kuzipeleka kwa makao ya watoto yaliyosajiliwa, ambayo aweza kuyatembelea na kuuliza maswali.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani. Watoto wengi hufika barabarani baada ya kufiwa na wazazi, kupigwa au kulala njaa katika nyumba iliyosambaratishwa na pombe. Embu inalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwezi Mei 2014, pombe yenye sumu iliua makumi ya watu katika kaunti hiyo na nyinginezo, na walioachwa nyuma walikuwa wajane na watoto. Mtoto wa aina hiyo, angali kijijini, bado ana jina. Mwalimu huona kiti chake kikiwa kitupu, jirani humwona akirandaranda sokoni, na naibu chifu anajua lango la kwao. Akishapanda lori la kuelekea mjini, huwa mkono tu miongoni mwa mikono mingi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sare ya shule iliyonunuliwa kwa mchango Kibugu leo yaweza kuwa nafuu kuliko sarafu zote zitakazodondoshwa kesho mbele ya mtoto yule yule jijini.