Kutoka Tandale hadi Milima ya Pugu: Njia za Baiskeli Zilizo Mbali na Magari

Njia ya baiskeli isiyo na magari ni njia iliyotengwa kwa ajili ya waendao kwa baiskeli na kwa miguu, ambayo malori, daladala na pikipiki haziruhusiwi kuipita, isipokuwa gari la msimamizi wa njia au la kubeba wagonjwa pale inapolazimu. Njia ya namna hiyo inapopita katika milima yenye msitu huwa na thamani ya pekee kwa msafiri wa baiskeli, yaani mtu anayesafiri mwendo wa siku nzima au siku kadhaa huku mizigo yake ikiwa imefungwa kwenye keria, kwa sababu mpando humpunguzia kasi hadi akakaribia mwendo wa mtembea kwa miguu, na kwenda polepole kiasi hicho kandokando ya malori ni kujiweka katika hatari kubwa.

Katika nchi za Ulaya tatizo la mpando lilipunguzwa kwa kutumia reli zilizoachwa. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, wahandisi walilazimika kuizungusha njia yake kwenye miteremko na kuijengea matuta na madaraja, ili mwinuko, yaani kiasi ambacho njia hupanda katika kila mita 100 za urefu wake, usizidi sana mita 2 au 3. Reli inapofungwa na vyuma vyake vikang'olewa, tuta hubaki, na tuta hilo humfaa mwendesha baiskeli hata asiye na misuli ya mwanamichezo. Mfano unaofahamika ni Vennbahn, njia ya kilomita zipatazo 125 inayotoka Aachen nchini Ujerumani, ikapita katika misitu na vilima vya Ubelgiji na kuishia Troisvierges nchini Luxembourg.

Tanzania nayo ina tuta la aina hiyo, ingawa ni wachache wanaolijua. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, kwa ajili ya kuteremshia magogo. Treni hazipiti tena, lakini nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi imehifadhiwa na hutumika kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na ukubwa wa hekta 8,380. Kutoka hapo barabara ya vumbi yenye magari machache hupanda kwa kona nyingi katikati ya msitu hadi Amani kwenyewe, mahali penye kimo cha takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Laiti tuta la Tengeni lingesafishwa na kuunganishwa na mpando huo, nchi ingepata njia ya baiskeli yenye historia, kivuli na maji, na vijiji vinavyopakana nayo vingepata wageni wanaohitaji chakula, malazi na fundi wa kuziba pancha.

Hata hivyo Amani iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na mkazi wa Tandale, kata ya Kinondoni inayojulikana kwa soko lake la nafaka na kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupenya, hana sababu ya kwenda mbali hivyo ili aone msitu wa milimani. Kusini-magharibi mwa jiji, mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kufuatana na njia atakayoichagua, iko milima ya Pugu, ambayo vilele vyake hufikia takriban mita 300, na juu yake iko Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, yenye zaidi ya hekta 7,000, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia ni daraja la juu la ulinzi wa msitu, ambapo ukataji miti hukatazwa kabisa lakini utafiti, mafunzo na matembezi huruhusiwa. Mgeni huandikishwa langoni, hulipa kiingilio, na anaweza kuuzunguka msitu kwa miguu au kwa baiskeli.

Msitu huu ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilikuwa ukanda mpana na leo imebaki vipande vipande kuanzia Somalia hadi Msumbiji. Ndani yake mna viumbe wasiopatikana kwingine duniani ila katika vipande hivyo vichache, akiwemo komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye macho makubwa na mwili unaoweza kuenea katika kiganja cha mtu mzima. Upo pia mgodi wa zamani wa kaolini, yaani udongo mweupe mwororo unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, ambao mapango yake yamekuwa makazi ya maelfu ya popo. Anayepanga safari afahamu kwamba udongo wa milima hiyo, ukilowa, huteleza sana. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mteremko ambao ungeshukwa kwa raha mwezi wa Julai huweza kumwangusha hata mzoefu, na baiskeli nyeusi nzito za mtindo wa Phoenix, zisizo na gia na zenye breki za vyuma, huhitaji kukokotwa kwa muda mrefu kwenye mipando.

Jambo linalostahili heshima zaidi kuliko linavyopewa ni kwamba njia nyingi za milima hiyo hazikuvumbuliwa na watalii. Kwa miaka mingi wachuuzi wa mkaa wamekuwa wakiteremka kutoka pande za Kisarawe kuingia jijini, magunia yakiwa yamepangwa juu ya keria hadi yakampita kimo mwendeshaji, na wao ndio waliojua ni kijia gani kinakwepa bonde na ni mpando gani unaoweza kupandwa bila kushuka. Mkaa huohuo ndio uliouangamiza msitu kwa sehemu kubwa, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini aliyeifanya kazi hiyo kwa kukosa nyingine ana maarifa ambayo kiongozi wa watalii aliyesomea darasani hana, na mpango wowote wa njia za baiskeli utakaomwacha nje utakuwa umepoteza mwalimu na, pengine, umemrudisha kwenye shoka.

Ugumu halisi uko kabla ya kuufikia msitu. Mtu anayetoka Tandale hukuta nafuu anapofika Barabara ya Morogoro, ambako mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli pembeni, na ni mradi huo uliolipatia jiji Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa mara ya kwanza kwa jiji la Afrika. Akishaiacha barabara hiyo Ubungo na kuingia Barabara ya Mandela, anakutana na malori yanayotoka na kwenda bandarini, na akiingia Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto hukuta msongamano wa kila aina. Kwa wengi safari ya baiskeli hufia hapo. Msitu wenye vijia vitulivu hauwezi kuitwa mali ya wakazi wa jiji ikiwa anayeweza kuufikia kwa usalama ni yule tu mwenye gari la kupakilia baiskeli yake.

Ipo njia nyingine ambayo asili yenyewe imekwisha kuichora, nayo ni bonde la Mto Msimbazi. Mto huu huanzia katika milima ya Pugu, hukatiza jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salender, na Mto Ng'ombe, unaopita Tandale, ni mmoja wa vijito vyake. Kwa sababu mto huteremka kidogokidogo, ukingo wake, sawa na tuta la reli, hauna mpando mkali mpaka unapokaribia chanzo chake. Mafuriko ya Jangwani, sehemu ya chini ya bonde hilo, yamewafundisha wote kwamba bondeni si mahali pa nyumba, na Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi umekusudia kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji. Njia ya baiskeli inaweza kufunikwa na maji siku mbili na kusafishwa siku ya tatu bila mtu kupoteza makazi, ndiyo maana ni moja ya matumizi machache yanayolifaa bonde lenye mafuriko. Mpango ukiishia kwenye bustani ya chini bila kupanda hadi Pugu, utakuwa umeacha nusu iliyo bora zaidi.

Kazi ya kwanza, yaani kuichora njia hiyo kwenye ramani, si ngeni kwa watu wa Tandale. Mwaka 2011 wakazi wa kata hiyo, wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walizunguka mitaani na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaandika vichochoro, mifereji na visima vyao katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuiongezea, na kazi hiyo ilitangulia mradi mkubwa zaidi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Vifaa vilivyotumika wakati huo leo vimo ndani ya simu ya kawaida. Kinachohitajika ni kuandika, kutoka Mto Ng'ombe hadi Kisarawe, mahali palipo na kivuko, mahali ambapo kijia hukatwa na ukuta wa kiwanda, kiasi cha mwinuko, visima vya maji ya kunywa na vijiwe vya mafundi baiskeli, kisha ramani hiyo ipelekwe kwa wasimamizi wa msitu na kwa halmashauri ambazo ardhi yake imepitiwa.