Fahamu: Kwa nini futsal inaifaa miteremko ya Kilimanjaro

Aprili 2025 timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania ya futsal, yaani soka la wachezaji watano kila upande, ilifika fainali ya Afrika nchini Morocco. Ilifungwa 3-2 na wenyeji, lakini ilikuwa imekata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la futsal la wanawake, lililochezwa Ufilipino mwishoni mwa mwaka huo. Mafanikio hayo yanaihusu Kilimanjaro kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68 kinakula zaidi ya mita za mraba 7,000. Cha futsal, mita 40 kwa 20, kinahitaji 800 tu. Huko Marangu, Kibosho na Machame, ambako vihamba vya migomba na kahawa vimebanana mlimani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watoto watacheza.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa nchi tajiri zenye kumbi. Mashindano makubwa hudai ukumbi, kweli, lakini mazoezi yanahitaji sakafu laini ya saruji, magoli ya mita 3 kwa 2 na mpira namba 4 usiodunda sana. Saruji hukauka upesi baada ya mvua za masika, wakati nyasi bado ni tope. Wengine wanahofia soka litanyang'anywa vipaji. Lakini Ureno, yenye watu takriban milioni 10, ilitwaa Kombe la Dunia la futsal la wanaume mwaka 2021, kisha Ligi ya Mataifa ya Ulaya ya soka mwaka 2025. Kwa wachezaji watano kila upande, kila mtoto hugusa mpira mara nyingi. Shule za Kilimanjaro zianze na viwanja hivi, wasichana wakipewa nafasi sawa.