Vumbi Ndilo Linaloua Gari, Si Umri

Asubuhi ya siku ya soko, magari mapya kwenye njia za Nduruma, Arusha, ni ya kuhesabu. Yanayopita ni Hilux za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilizosheheni matenga ya nyanya, Land Rover 110 zilizostaafu safari za Serengeti, Noah zilizojaza abiria hadi mlangoni, na Kirikuu zilizobeba majani ya ng'ombe kupita uwezo wake. Hayako barabarani kwa bahati. Kila moja lina mtu anayelijua. Lile lisilo na mtu wa namna hiyo limeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye siti.

Wengi husema wenye magari haya wamekosa tu uwezo wa kununua mengine. Bei inahusika, sikatai. Lakini iko sababu nyingine ambayo Arusha ina haki ya kujivunia: huku gari la zamani linatengenezeka. Utalii umezaa mafundi. Kwa miongo mingi Land Cruiser za safari zimekuwa zikikatwa na kurefushwa chesisi mjini hapa, zikitobolewa paa ili mgeni asimame kumtazama simba, kisha zikirudi gereji kila zinapotoka Ngorongoro zimelegea. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, nacho kimeongeza mikono yenye shule. Gari likichoka na safari linauzwa, na si machache yanayoishia kwa wakulima. Mnunuzi anakuta fundi wake na spea zake tayari wako mjini, Unga Limited.

Injini zenyewe zinasaidia. 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8 iliyofungwa kwenye Hilux na Hiace, haihitaji kompyuta ili iwake. 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, ni vivyo hivyo. Ikigoma, fundi anauliza kwanza kama dizeli inafika na kama hewa inaingia, na majibu yote mawili anayapata kwa spana. Gari la kisasa likizima katikati ya mashamba litamsubiri mwenye mashine ya kusoma makosa.

Sasa tuje kwenye vumbi. Udongo wa chini ya Mlima Meru umetokana na majivu ya volkano, na kiangazi unga wake unapenya hata mlango uliofungwa. Ukiingia kwenye injini, siku hiyo husikii chochote. Unasugua ringi na silinda taratibu, mgandamizo unashuka, asubuhi gari linawaka kwa shida, baadaye linaanza kula oili. Mwenyewe anasema limezeeka. Mimi nasema limelishwa mchanga.

Nimewahi kusimama kando ya fundi akifungua chujio la hewa la Land Rover 109, lile la bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili, vumbi linanaswa na kuzama. Alilegeza klipu, akatoa bakuli, akachomeka bisibisi. Juu palikuwa na oili kidogo tu. Chini tope zito, na bisibisi ikasimama yenyewe.

“Mzee, hili lilifunguliwa lini?”

“Mbona oili nabadilisha kila wakati, fundi?”

“Ya injini, sawa. Hii nayo ni oili, mzee wangu.”

Akaliosha bakuli kwa dizeli, akalikausha, akamimina oili mpya hadi kwenye alama. Hakuzidisha, kwa sababu ikizidi injini huinyonya. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa, na ndiyo kazi ambayo ingemwepusha mzee yule na gharama ya kushusha injini.

Wenye chujio la karatasi hawajasalimika. Likipulizwa upepo wa kompresa kutoka nje kwenda ndani, vumbi linasukumwa lielekee injini. Lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, tena kwa upepo wa wastani usiochana karatasi. Halafu kagua mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Ukichanika hapo, hata chujio jipya ni kazi bure. Kiangazi, kwa anayeendesha kila siku Nduruma, kusubiri sevisi ya kila kilomita 5,000 ndipo afungue chujio ni kuchelewa mno. Lifunguliwe kila wiki.

Maji nayo yana mambo yake. Floraidi iliyomo kwenye mito, chemchemi na visima vya kuzunguka Meru imetia kahawia meno ya watu wengi wa ukanda huu. Maji hayohayo yenye madini mengi ndiyo yanayochotwa kwa dumu na kumiminwa kwenye rejeta. Maji yanapungua, madini yanabaki, na vijia vya rejeta vinaziba kwa magaga. Kutoka Nduruma kwenda mjini ni kupanda, na mzigo unapanda nao, kwa hiyo gari huanza kuchemsha njiani. Hapo ndipo linapokuja shauri baya kuliko yote: ng'oa thamostati. Rejeta iliyoziba haiponi kwa kung'oa thamostati. Injini itafanya kazi ikiwa baridi na itakula mafuta zaidi, na ukiibana mlimani itachemsha vilevile. Wenye Land Rover ya 300Tdi wanahatarisha zaidi, maana silinda hedi yake ni ya alumini; ikichemshwa inapinda, na gasketi inafuata. Rejeta izibuliwe, ijazwe kulanti. Ukikwama na kulanti huna, maji ya mvua yaliyokingwa batini ni afadhali kuliko ya mtoni.

Masika yanaleta ugonjwa mwingine, ambao hauonekani. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye kijito, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia sili iliyochoka. Gari linaendelea kwenda vizuri kwa wiki kadhaa. Ukifungua nati ya chini, oili inatoka ina rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeanza kuliwa. Baada ya mvua kubwa, oili ya difu ikaguliwe hata kama gari halilalamiki.

Kuhusu spea, nina msimamo mkali kidogo. Taa ya ndani, kitasa, hata bampa, nunua cha bei yoyote. Breki, boli jointi na mkanda wa taimingi havina mjadala. Kwenye 3L na 1HZ taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika kwenye 3L valvu hugongana na pistoni. Aliyenunua gari lililotumika asiamini namba za dashibodi. Abadilishe mkanda kwanza, ndipo aanze kuhesabu upya. Tairi la mtumba nalo lisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho zikiwa 2314, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata zake bado ndefu.

Wapo wanaochoka na injini ya Land Rover na kupandikiza ya Toyota au Isuzu. Siwalaumu, lakini namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na badiliko hilo lazima lifike TRA. Asiyefanya hivyo atakwama siku ya kuuza.

Na magari ya zamani ya kununua bado yapo. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza ushuru wa Sh40 kwenye kila lita ya mafuta, kwa hiyo lile lililoegeshwa miaka mingi halilimbikizi tena deni hilo. Ukilitaka, nenda alfajiri, liwashwe mbele yako likiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika, wenye harufu ya dizeli, ni nozo au mgandamizo uliochoka. Mweusi, anza na chujio la hewa. Kama lilitumika Tanga au Dar es Salaam, lala chini ugonge chesisi kwa nyundo ndogo, maana bodi ya Land Rover ni ya alumini ila chesisi ni chuma, na chumvi ya pwani haina huruma. Ukifika ukakuta boneti limeshapata moto, na mwenyewe anasema amelisogeza kidogo tu, mwambie utarudi kesho.