MWENYE KARO AUNGE LINI BOMBA LA MAJITAKA?

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye nyumba zinazotumia makaro wanakumbushwa kwamba uamuzi wa kuunga nyumba na mtandao wa majitaka haufai kungojea siku karo litakapofurika uani. Maelezo haya yanatolewa ili kila mwenye nyumba alipime jambo hili mapema.

Mfano uliochaguliwa ni mji wa Usa River, chini ya Mlima Meru, katika barabara ya Arusha kwenda Moshi. Mji huo ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Nyumba nyingi huko hutegemea makaro, ilhali Jiji la Arusha lililo jirani lina mtandao wa majitaka. Mradi uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015 uliupanua mtandao huo na kujenga mabwawa mapya ya kusafishia majitaka huko Terrat. Hali ya Usa River haiko mbali na ile ya mitaa mingi ya Unguja na Pemba.

Kazi ya karo

Ndani ya karo uchafu mzito huzama ukawa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la kunyonya, ambako udongo huyachuja. Tope likifikia kiasi cha thuluthi moja ya kina, karo hupaswa kunyonywa. Likiachwa, tope huingia katika shimo na kuuziba udongo. Ikifikia hapo, gari la majitaka huleta nafuu ya siku chache tu.

Hatari isiyoonekana

Wakaazi wa Usa River wanaijua madini ya floraidi, ambayo hutoka katika miamba ya volkano na kuharibu meno. Madini hiyo haitokani na makaro, wala kuunga bomba hakutaiondoa. Lakini karo bovu huongeza dhara la pili katika kisima: vijidudu vya kuhara na kipindupindu, pamoja na naitreti. Kuchemsha maji huua vijidudu. Naitreti na floraidi hubaki. Mwenye karo aweza asidhurike mwenyewe, akadhurika jirani aliye upande wa bondeni.

Mambo ya kupima

(a) Bomba kuu liwe limeanza kutumika na linafikisha majitaka kwenye mabwawa yanayofanya kazi. Bomba lililofukiwa tu si huduma.

(b) Nyumba iwe juu kuliko bomba, ili majitaka yateremke yenyewe. Iliyo chini huhitaji pampu, nayo husimama umeme unapokatika.

(c) Karo linalonyonywa mara kwa mara, au uani panaponuka na kulowa wakati wa kiangazi, ni dalili kwamba shimo limechoka.

(d) Vyumba vya wapangaji vikiongezeka, karo lililojengwa kwa familia moja halitatosha.

(e) Gharama ya kuunga na ankara ya kila mwezi, ambayo kwa kawaida hufuata kiasi cha maji yaliyotumika, zilinganishwe na gharama ya kunyonya karo na kuchimba shimo jipya.

Uamuzi

Pasipo na bomba, karo litunzwe na kunyonywa kwa wakati. Bomba likiwapo na karo likiwa zima, mbali na visima, mwenye nyumba anayo nafasi ya kujiwekea fedha, maadamu sheria ya mahali pake haimlazimishi kuunga mara moja. Bomba likiwapo na karo likiwa limechoka, au kisima kikiwa karibu, haifai kuchimba shimo jingine. Fedha hizo ziende kwenye bomba.

Baada ya kuunga

Kazi ya kuunga ifanywe kwa kibali cha mamlaka inayohusika. Karo la zamani linyonywe, sakafu yake itobolewe, kisha lijazwe mchanga au kifusi, kwani karo tupu lenye kifuniko kilichooza ni mtego kwa watoto. Aidha, maji ya mvua yasielekezwe katika bomba la majitaka, maana hulijaza na kuyarudisha machafu katika nyumba za walio chini.

Ardhi ya Visiwani yenye mawe ya matumbawe hupitisha maji kwa haraka, na muda wa kuyachuja ni mfupi. Hivyo basi, kila mwenye nyumba anatakiwa akague karo lake kabla ya masika, na aulize katika Baraza lake kama bomba limefika mtaani kwake.