Paka Ndani ya Gari, Kununiana Ndani ya Ndoa

Umeshawahi kununiana na mwenzio safari nzima kwa sababu ya paka? Mimi yamenikuta.

Kwa wakwe zangu ni Bungu, Korogwe, kule juu milimani Usambara. Likizo moja tulimkuta Chausiku, paka wa mama mkwe, shavu limevimba usaha baada ya kupigana na dume la jirani. Kwa mama yule si paka wa mapambo. Bila yeye, mahindi ya akiba yote ni mali ya panya. Mume wangu akasema tumshushe Korogwe kwa daktari wa mifugo.

Akamvizia jikoni, akamtumbukiza kwenye kiroba, tukaondoka. Barabara ile ni kona juu ya kona. Hatujafika mbali, Chausiku analia kama mtoto, anatokwa ute, kiroba kimeshalowa mkojo. Mimi na huruma zangu nikalegeza kamba nimpapase. Akachomoka na kujichimbia chini ya miguu ya dereva, karibu na breki! Mume wangu alisimamisha gari pembezoni mwa korongo. Maneno aliyonitolea siyaandiki hapa. Niliyomjibu ndiyo kabisa.

Daktari hakuweza hata kumgusa, ikabidi achomwe sindano ya usingizi kwanza. Jipu likakamuliwa, lakini kwa kuwa alikuwa na homa, chanjo ya kichaa cha mbwa ikaahirishwa mpaka apone. Tukaahidi kurudi. Sio siri, kwa kuogopa safari ile tulikaa mwaka mzima bila kurudi, huku wajukuu wakilala naye kitanda kimoja. Ugonjwa ule paka naye anaambukiza watu, na dalili zikishajitokeza, kupona ni karibu muujiza.

Kosa letu halikuanzia kwenye gari. Lilianzia jikoni, pale alipokamatwa kama mwizi. Paka anaishi kwa kujua kila kona ya kwake na harufu yake, na sisi tulimnyang'anya vyote kwa mpigo.

Safari ya pili nilitanguliza kwa basi kasha la plastiki la kubebea paka, lile lenye mlango wa waya. Mama mkwe akaung'oa mlango, akaliweka karibu na mafiga na kutandika ndani kanga yake kuukuu. Kila jioni dagaa wawili watatu humo. Wiki ya kwanza Chausiku alikula makalio yakiwa nje. Ya tatu alikuwa analala humo. Tulipofika sisi, mlango ukarudishwa, tukamkalisha kwenye gari lililozimwa, kesho yake likiwa linanguruma tu bila kwenda popote. Majirani walicheka, wacha wacheke.

Siku yenyewe hakupewa chakula saa tatu nne kabla, asije akatapika. Kasha tulilibeba kwa mikono miwili kutoka chini, si kulining'iniza kwa mpini likayumba. Tukalibana sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, tukalifunika kanga, hewa ikipita. Bongo Fleva ya mume wangu ikazimwa (hapo palihitaji mazungumzo marefu).

Tahadhari moja. Usimpe paka Panadol wala vidonge vyako vya usingizi, kwani Panadol humuua. Dawa za kutuliza hofu ya safari zipo, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliidhinisha pregabalini kwa kazi hiyo hiyo. Lakini ni daktari wa mifugo anayepima na kuamua, kwa hiyo muulize siku kadhaa kabla. Na paka akianza kuhema mdomo wazi, simama, mpe utulivu na hewa. Asipotulia, mpigie daktari. Kama wenye paka na mbwa mko wengi mtaani, changeni nauli mumwite mtaalamu aje huko huko. Safari nzuri kwa paka ni ile isiyokuwepo.

Chausiku alilia mara mbili tu mpaka Korogwe. Alipomaliza kuchanjwa, akarudi mwenyewe ndani ya kasha, akatugeuzia mgongo. Sisi wawili tulishuka kunywa chai tukicheka, kitu ambacho mwaka uliotangulia kisingewezekana.

Kasha nilitaka kulirudisha Dar. Mama mkwe kakataa, eti nimnyang'anye Chausiku kitanda?