Petroli ya dharura nyumbani: hatari iko kwenye mvuke

Tangu mwaka 2023, petroli ilipoadimika nchini na foleni kujipanga vituoni, maswali yanayonifikia kutoka Tarime na Serengeti yanafanana. Mzee mmoja wa Nyamwaga anauliza kama dumu lake la lita 20 likae uvunguni au darini. Mama mjamzito kutoka kijiji cha nje ya Mugumu anasema mumewe amejaza chupa tano za maji ya kunywa na kuzipanga nyuma ya mlango, ili uchungu ukianza usiku wasihangaike. Kijana wa Sirari ameambiwa gunia lililoloweshwa likifunika dumu, petroli hailipuki.

Sababu ya kuweka akiba naielewa. Vijiji vingi vya wilaya hizi mbili viko mbali na hospitali, na usiku chombo kilicho karibu ni pikipiki. Mtu akigongwa na nyoka shambani, mtoto akipata degedege, mto ukijaa na kukata barabara, muuza petroli wa kibandani ameshafunga na kulala. Familia inayotaka kuwa tayari inafanya jambo la busara. Kosa linaanza pale tahadhari ya safari moja inapogeuza chumba cha kulala kuwa ghala la mafuta, na wanaotoa ushauri wengi wao hawajui kinacholipuka ni nini.

Kinacholipuka ni mvuke. Petroli ya majimaji yenyewe haiungui. Unaoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa kwa kipimo fulani. Petroli huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikiwa na baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Nasisitiza namba hiyo kwa sababu naambiwa kila mara, "Huku Tarime kuna baridi, petroli haina shida." Baridi ya asubuhi ya Tarime ni joto kali mno kwa petroli. Hata kilele cha Kilimanjaro hakina baridi ya kuizuia isitoe mvuke. Mafuta ya taa ni tofauti: yakiwa safi huhitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto, na ndiyo maana koroboi haiwaki bila utambi wa kuyapandisha na kuyapasha. Dizeli huhitaji joto zaidi ya hapo. Anayeziweka nishati hizi tatu katika kundi moja kwa kuwa zote zinaitwa mafuta anakosea tangu mwanzo.

Sasa tazama kiasi. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote hutoa lita zipatazo 180 za mvuke. Mvuke huo hushika moto ukiwa kati ya sehemu 1.4 na 7.6 katika kila sehemu 100 za hewa. Chini ya hapo ni haba, juu ya hapo hewa haitoshi. Chukua robo lita tu, kiasi cha kikombe cha chai, imwagike usiku katika chumba cha mita 3 kwa 3. Inatoa lita 45 za mvuke, na mvuke huo unaweza kutengeneza zaidi ya mita 3 za ujazo za mchanganyiko unaoweza kulipuka. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini, unalala chini. Ukigawanya hesabu hiyo juu ya sakafu ya chumba hicho, unapata tabaka la kimo cha sentimita 35 hivi. Ndani ya kimo hicho ndimo lilimo godoro lililotandikwa sakafuni, ambapo watoto wamelala.

Kwa uzito wake mvuke huo hutambaa kama maji yanayotafuta bonde. Hupita chini ya mlango, huteremka ngazi, hufuata ukuta hadi kwenye mafiga ambayo makaa yake yalifukiwa majivu tangu jioni. Ukifika kwenye kaa moja lililo hai, moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye dumu, kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kusimama. Ndiyo maana manusura wengi husema, "Hatukuwasha kitu chochote." Wanasema kweli. Moto ulikuwa mita kadhaa mbali nao, chumba kingine.

Historia ya ukanda wetu imeandika hili kwa vifo vingi. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Sachangwan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa hivyohivyo, na vifo vilizidi 100. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya watu 200, na wengi wao hawakuwa wakichota; walikuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia wakati mafuta na moto vilipowafikia. Mlango uliofungwa haukuwakinga.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulielewa kinyume: dumu linaloitwa tupu ni hatari kuliko lililojaa. Ndani ya dumu lililojaa, nafasi ndogo iliyobaki juu imeshiba mvuke kiasi kwamba hewa haitoshi kuuwasha. Hatari iko mdomoni, mvuke unapotoka na kukutana na hewa. Dumu lililomiminwa likabaki na vijiko viwili vya petroli limeingiza hewa, na mchanganyiko wake unaweza kufika katika kipimo kilekile cha kulipuka. Fundi anayeweka chuma cha moto au mashine ya kuchomelea kwenye tangi kwa sababu "halina kitu" anacheza na sehemu mbaya kuliko zote.

Milima nayo inaongeza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tarime mjini iko juu zaidi, mita zipatazo 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inasukuma kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo dumu lililofungwa Musoma hufura likifika Tarime, hasa likichomwa na jua njiani. Petroli yenyewe pia hutanuka ikipata joto: lita 20 zikipanda nyuzi 15 huongezeka kama theluthi ya lita. Dumu lililojazwa hadi kizibo halina pa kuiweka theluthi hiyo. Huitoa pembeni ya kizibo.

Hapo ndipo akiba yenyewe inapoharibika. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi ndivyo vinavyotangulia kuondoka. Hivyo vyepesi ndivyo vinavyowasha injini iliyopoa alfajiri. Harufu unayoisikia chumbani ni sehemu bora ya petroli yako ikitoka. Dumu lililokaa miezi mingi na kizibo kibovu linakupa hasara mbili: limejaza nyumba mvuke, na siku ya dharura pikipiki inapigwa teke hadi jasho linatoka bila kuwaka. Wala usijitetee kwamba husikii tena harufu. Pua huizoea baada ya muda mfupi, mvuke haujaondoka.

Sasa niyajibu ya mitaani, maana siwezi kuyaacha.

Gunia bichi juu ya dumu linapunguza joto la jua kidogo. Halizuii mvuke kupita kwenye kizibo. Anayekuuzia wazo hilo kama kinga anakuuzia usingizi wa hatari.

Simu inalaumiwa kupita kiasi. Iweke kando unapomimina, ni vizuri, lakini ushahidi wa simu kuwasha petroli ni mdogo mno, na wakati tunabishana juu ya simu, jiko linawaka hatua tano kutoka hapo. Sigara, koroboi, mafiga, swichi ya taa na injini yenye moto ndivyo vinavyochoma watu. Pamoja navyo kuna umemetuli: petroli ikipita kwenye mpira au plastiki hujenga chaji, na cheche isiyoonekana kwa jicho inatosha kuiwasha. Kwa hiyo dumu hujazwa likiwa limewekwa chini ardhini. Usilijaze likiwa juu ya kiti cha pikipiki wala limebebwa mkononi.

Maji hayazimi petroli. Petroli huelea juu ya maji, na ndoo unayoimwaga huusambaza moto hadi kwenye mlango uliotaka kukimbilia. Moto mdogo unafunikwa kwa mchanga au kuzimwa kwa mtungi wa unga. Moto mkubwa unakimbiwa.

Dumu la petroli lililosuuzwa na kutiwa mafuta ya taa ni kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linaua mtu asiyejua lolote. Petroli kidogo ikiingia kwenye mafuta ya taa inatosha kuyafanya yashike moto katika joto la chumbani. Mwanafunzi anawasha koroboi asome, nayo inalipuka usoni mwake. Dumu la petroli lisitumike kwa kitu kingine chochote, milele.

Chupa ya maji au soda yenye petroli ni mtego wa watoto. Mwenye miaka miwili ana kiu, anaona chupa anayoijua. Na hapa washauri wa kienyeji wanafanya ubaya mkubwa: mtapishe, mnyweshe maziwa, mpe mafuta ya kula. Kila moja ya hayo linaweza kumuua. Petroli na mafuta ya taa ni mepesi mno na husambaa upesi sana juu ya kitu chochote chenye unyevu. Yakibaki tumboni huingia mwilini kwa shida. Yakiteleza kwenye njia ya hewa, kiasi cha chini ya kijiko cha chai hutandaa mapafuni na kuharibu ute ambao kazi yake ni kuvizuia vifuko vidogo vya hewa visinywee. Vifuko vikinywea, pafu linavimba na kujaa majimaji, na hiyo ndiyo nimonia inayoua. Kumtapisha mtoto ni kuyapa mafuta nafasi ya pili ya kupita kooni. Maziwa yanamjaza tumbo na kumfanya atapike. Usimtapishe, usimnyweshe kitu cha kumtapisha, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, kwani kikohozi na kuhema vinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Hayo yanamhusu pia kijana anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi na kujipongeza kwa maziwa baadaye.

Wapo pia wanaopaka petroli au mafuta ya taa kwenye funza, kwenye nywele zenye chawa, hata kwenye jeraha la nyoka. Anayeshauri hivyo aogopwe. Ngozi huungua hata bila moto, na mtu aliyepakwa akikaa karibu na jiko amekuwa utambi. Sumu ya nyoka haiijui petroli, inahitaji hospitali.

Na aliyeungua? Dawa ya meno, mayai, unga, asali ya barabarani, manyoya ya sungura: vyote hufungia joto ndani ya ngozi au kupanda vijidudu kwenye kidonda ambacho muuguzi atalazimika kukisugua huku mgonjwa akilia. Wauzaji wa vitu hivi kwenye magulio wanajua mteja wao amechanganyikiwa kwa maumivu, nao wanachuma hapo. Dawa ya kwanza ni maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha hospitali.

Hesabu ya akiba yenyewe ni rahisi. Pikipiki nyingi za bodaboda huenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja. Lita mbili zinakufikisha kilomita 80. Kutoka vijiji vingi vya Serengeti hadi Mugumu, au vya Tarime hadi mjini, hazihitajiki zaidi, na tangi la pikipiki lenyewe hubeba takriban lita kumi. Ghala bora la petroli ya dharura ni tangi hilo, lisiloachwa kushuka chini ya nusu. Limetengenezwa kwa kazi hiyo.

Lakini pikipiki isilale chumbani. Najua wezi, na najua kwa nini watu huiingiza sebuleni usiku. Kabureta inayovuja au koki iliyoachwa wazi inafanya kazi ileile ya dumu lililomwagika. Jenga kibanda cha pembeni, funga kwa mnyororo na kufuli, funga koki.

Ukilazimika kuweka dumu, liwe dogo, la lita tano, lililotengenezwa kwa petroli, lenye kizibo chenye mpira. Acha nafasi juu, liandike, lifungie nje kivulini, mbali na jiko na nyumba ya kulala, watoto wasilifikie. Lihamishie kwenye tangi kila baada ya miezi mitatu na ujaze upya. Mimina mchana, nje, injini ikiwa imepoa. Usinunue la kuuzia majirani: biashara ya petroli bila leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni kosa kisheria, na mwenye mtaji wa kutaka kituo kidogo kijijini aulize REA, wakala wa nishati vijijini, kuhusu mikopo ya vituo vya vijijini.

Zaidi ya yote, dharura ipangwe na watu kabla ya kupangwa na mafuta. Mama mjamzito na mumewe waandike namba 115 ya m-mama, inayopanga usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, na wakubaliane mapema na dereva mmoja. Namba ya zimamoto ni 114. Mama aliyeniandikia kutoka nje ya Mugumu aziondoe zile chupa tano leo, azimimine kwenye tangi la pikipiki, na aziharibu chupa zenyewe ili mtu asije akazinywea maji.